Kwa Nini Tunakosea Kiingereza Palepale Kila Siku?



Mpendwa msomaji, nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Wakati wa likizo nilikuwa nyumbani, parokiani kwetu. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alikuwa amepangiwa upasuaji katika hospitali moja, na daktari wa zamu siku hiyo alikuwa mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kwa kuwa mimi ni frateri, na falsafa tunaisoma kwa Kiingereza, mama akaniomba nimsindikize niwe mkalimani wake. Nilikubali kwa furaha na, niseme kweli, kwa majivuno kidogo.

Daktari akauliza: "She hasn't eaten anything since last night?" Nikamgeukia mama: "Mama, hujala chochote tangu jana usiku?" Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshinda njaa: "Ndiyo, Frateri." Nami nikamwambia daktari: "Yes."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye faili, akasema upasuaji umeahirishwa hadi wiki ijayo. Mama akaniuliza njia nzima, "Kwani nimekosa nini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeshafika stendi ndipo nikaelewa kwamba yeye hakukosa chochote. Aliyekosa ni mimi, na nilikosa katika neno ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Tangu siku hiyo ninatunza daftari. Kila Alhamisi jioni tunakaa na wenzetu walio katika mwaka wa malezi tukifundishana Kiingereza, na nikienda nyumbani wanakwaya nao huniuliza maswali. Nimegundua kwamba maswali ni yaleyale, na makosa ni yaleyale. Sababu si uzembe. Mara nyingi tunakosea Kiingereza kwa sababu tunakijua Kiswahili vizuri, tukadhani mlango wa nyumba ya jirani unafunguka upande uleule kama wa kwetu.

Basi turudi kwenye ile "Yes".

Neno letu "ndiyo" lina maana ya "ndivyo ilivyo". Ukiniuliza "Hujala?" unaniletea kauli: "wewe hujala". Mimi naipima hiyo kauli. Kama ni kweli, nasema "ndiyo", yaani maneno yako ni ya kweli, sijala. Kwa lugha ya darasa letu la mantiki, Mswahili anajibu juu ya ukweli wa kauli aliyopewa. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye haangalii swali limeulizwaje, anaangalia jibu lake mwenyewe. Kama jibu lake lina ukanushi ndani yake, anaanza na "No". Kama halina, anaanza na "Yes". "You haven't eaten?" Hajala? "No, I haven't." Amekula? "Yes, I have." Kwa hiyo nilipomwambia daktari "Yes", alisikia "amekula". Alifanya kazi yake sawasawa. Mgonjwa aliyekula halazwi kwenye meza ya upasuaji, kwa maana chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu akiwa katika nusukaputi.

Wapo Waswahili ambao siku hizi hujibu "Hapana, sijala", hasa waliokaa sana na Kiingereza. Siwakosoi. Lakini mama yangu wa jumuiya hakujibu hivyo, na wengi wa kwetu hawajibu hivyo.

Kinachofurahisha ni kwamba Waingereza wenyewe zamani waliliona tatizo hili, wakawa na maneno manne badala ya mawili. Swali lisilo na ukanushi lilijibiwa "yea" au "nay". Swali lenye ukanushi lilijibiwa "yes" au "no". Mtakatifu Thomas More, yule mwanasheria aliyeuawa mwaka 1535 na ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa mwaka 2000, aliligombania jambo hili kwa maandishi. Katika mabishano yake na William Tyndale, aliyekuwa ametafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, More alimlaumu kwamba katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohane, pale Yohane Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ndiye nabii, alitumia "no" mahali palipotakiwa "nay". Mtu alikuwa na vita kubwa za imani mikononi, lakini akapata nafasi ya kugombania "no" na "nay"! Nilipolisoma hilo nilifarijika. Baadaye "yea" na "nay" zikafifia, na Waingereza wakabaki na maneno mawili yanayofanya kazi ya manne. Wafaransa wao wanalo bado neno la tatu, "si", la kumpinga aliyeuliza kwa ukanushi.

Ushauri wangu ni mmoja tu: usijibu kamwe kwa "Yes" au "No" peke yake. Ongeza kipande kinachofuata: "No, I haven't", "Yes, I did". Kipande hicho kitakuokoa hata kama neno la kwanza limekuponyoka. Na ukiwa mkalimani, geuza swali kabla ya kulipeleka: "Mama, umekula kitu tangu jana usiku?" Hapo "hapana" ni "No" bila utata. Jihadhari pia na "Do you mind if I sit here?" Kinachoulizwa ni kama utaona vibaya mtu akikaa hapo. Ukijibu "Yes" kwa tabasamu, umemfukuza.

Swali la pili kwa wingi katika daftari langu ni lile la vineno vidogo "a", "an" na "the". Frateri mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia kwamba yeye huvimwaga kama chumvi, akionja sentensi mpaka itulie. Nilicheka, lakini na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Tunaambiwa Kiswahili hakina vitu hivyo. Ni kweli hakina vineno hivyo, lakini kazi yake tunaifanya kila siku bila kujua.

Tazama sentensi hizi mbili: "Nimesoma kitabu." "Nimekisoma kitabu." Ya kwanza inasema nilikuwa na kazi ya kusoma, na nilichosoma ni kitabu, chochote kile. Ya pili huwezi kuniambia kama hatujawahi kukitaja hicho kitabu. Ile "ki" iliyoingia katikati ya kitenzi inasema: kile tunachokijua sote wawili. Basi ya kwanza ni "I have read a book", na ya pili ni "I have read the book". Hali kadhalika tunaposema "yule padre" au "kile kigango", si lazima tunyooshe kidole. Mara nyingi tunamaanisha yule uliyekwisha kumsikia. Ukitaka kujua kama uweke "the", jiulize: kwa Kiswahili ningeweza kuweka hapa "yule" au "kile", au ile "ki" au "i" ndani ya kitenzi? Kipimo hiki hakimalizi kila kitu, lakini kinafika mbali kuliko kuonja chumvi.

Kwa sisi wa falsafa jambo hili lina uzito wake. "Man is mortal" inasema juu ya ubinadamu wote: kila mtu atakufa. "The man is mortal" inasema juu ya mtu mmoja tunayemfahamu. "A man is mortal" inamchukua mmoja yeyote kama mfano wa wote. Ukikosea hapo katika insha ya mantiki, umebadilisha hukumu ya jumla kuwa ya mtu mmoja, na hitimisho lako lote linaanguka, hata kama akilini ulikuwa sahihi. Nimepoteza alama kwa njia hiyo. Nililalamika kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu mwalimu anasahihisha nilichoandika, si nilichowaza.

Kuna majina machache ambayo, yakikosa "the", hayazungumzii jengo tena bali kazi ya jengo. "I am going to church" maana yake naenda kusali. "I am going to the church" maana yake naenda kwenye lile jengo, labda kupaka rangi au kuhesabu mabenchi. Ni hivyohivyo kwa shule, na kwa Kiingereza cha Uingereza hata hospitali: "in hospital" ni mgonjwa aliyelazwa, "in the hospital" anaweza kuwa fundi wa umeme. Hatari kubwa iko kwenye gereza. Parokia nyingi zina huduma kwa wafungwa, na taarifa zake huandikwa kwa Kiingereza zinapopelekwa kwa wafadhili. Ukiandika "Our priest goes to the prison every Friday", umesema anaenda kutoa huduma. Ukisahau "the", msomaji atashangaa ni kosa gani analofungiwa kila Ijumaa.

Kuhusu "a" na "an" sisemi mengi. Kinachoamua ni sauti, si herufi. Sisi tumezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo tunaangalia herufi. Tamka kwanza, ndipo uandike: "an hour", kwa kuwa "h" haisikiki, "a university", kwa kuwa inaanza na sauti ya "yu", "an SMS", kwa kuwa tunaanza na "e".

Sasa nije kwenye "me". Hapa ndipo ninapopenda kukaa, mnisamehe.

Shuleni tulifundishwa kwa haraka kwamba "li" ni "did" na "me" ni "have". Mwanafunzi anabeba hiyo kanuni maisha yote, nayo inamwangusha. Chukua mgeni anayebisha hodi nyumba ya mapadre saa nane mchana. Kijana wa mapokezi anamwambia: "Father has slept." Alitaka kusema "Padre amelala". Lakini mgeni amesikia kwamba padre alilala usingizi wake, ukaisha, kwa hiyo sasa yuko macho. Anashukuru, anaingia. Kijana anabaki anashangaa mgeni huyu ana ujasiri gani!

Vitenzi vyetu vingi vya hali ya mwili vinatumia "me" kueleza hali iliyopo sasa. Amelala: "he is asleep". Amekaa: "he is sitting". Amesimama: "he is standing". Amevaa kanzu nyeupe: "he is wearing a white cassock". Amechoka: "he is tired". Kitendo kimekwisha, lakini hali iliyoletwa na kitendo inaendelea, na Mswahili anaitazama hiyo hali. Mwingereza katika vitenzi hivi anatumia "is". Orodha si ndefu. Ukijua hivyo vitano na jamaa zake umeshapona.

Upande wa pili wa "me" ni wakati. Sisi tunaweza kusema "Nimefika jana" na hakuna atakayekushangaa. Kwa Kiingereza "I have arrived yesterday" haiwezekani. Ukishataja wakati uliofungwa, yaani jana, juzi, mwaka 2015, saa tatu asubuhi na sasa ni jioni, "have" inaondoka: "I arrived yesterday". "Have" ya Kiingereza inapenda mlango uwe wazi bado mpaka sasa. Ndiyo maana inakaa vizuri na "tangu". Sisi tunasema "Nipo seminari tangu 2022", wakati uliopo kabisa, na ni sahihi kwetu. Wao hawasemi "I am in the seminary since 2022". Wanasema "I have been in the seminary since 2022", kwa sababu jambo limeanza nyuma na mlango haujafungwa.

Na hapohapo kuna mtego wa "since" na "for". "Since" inataka mahali pa kuanzia: mwaka, siku, tukio, "since Easter". "For" inataka urefu: "for 4 years". Sisi husema "tangu miaka minne iliyopita", tukaitafsiri "since four years". Miaka minne si mahali pa kuanzia, ni kipimo cha kamba.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni la "used to". Vijana wanaoandika barua za kuomba kujiunga na mashirika ya kitawa, hasa yale ambayo walezi wake hawajui Kiswahili, huandika: "I used to pray the rosary every day. I used to serve at Mass. I used to help the sick." Masikini, kijana anajieleza kwa moyo wake wote: huwa nasali, huwa natumikia, huwa nawasaidia wagonjwa. Lakini "used to" ni ya jambo ulilokuwa ukifanya zamani na sasa umeacha. Mlezi anasoma barua ya mtu aliyewahi kusali rozari akaacha, aliyetumikia altareni akaacha, na sasa anaomba kupokelewa utawani! Ile "hu" au "huwa" yetu, kwa Kiingereza ni wakati uliopo wa kawaida tu: "I pray the rosary every day." Ukitaka kukazia, ongeza "usually". Mzazi au katekista unayesoma haya, kama kijana wako anaandika barua ya namna hiyo, kamata karatasi utafute hayo maneno mawili kabla haijatiwa kwenye bahasha.

Yako mengine ambayo hayahitaji maelezo marefu. "Borrow me your pen" inatokana na neno "azima", ambalo kwetu linakwenda pande zote mbili: naazima kwako, nawe unaniazima. Fikiria badala yake "kopa" na "kopesha", ambavyo tumevitenga wazi. Anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". Hivyohivyo "say" na "tell": tazama "sema" na "ambia". Huwezi kusema "nilimsema kwamba nitakuja", kwa sababu kumsema mtu ni kumteta, unasema "nilimwambia". "Tell" ni "ambia", inataka mtu baada yake. "Say" ni "sema", haimtaki. Ajabu ni kwamba kanuni hii tunayo tayari, lakini tunaiacha mlangoni tunapoingia kwenye Kiingereza. "Explain me" inatokana na "nieleze". Kiingereza hakiwezi kumwingiza huyo "ni" ndani ya kitenzi hicho, kwa hiyo kinamwekea kidaraja: "explain to me". Lakini "discuss about" ni kinyume, sisi ndio tunaongeza daraja pasipo na mto. Tunajadili "kuhusu" jambo. Wao wanajadili jambo lenyewe, "discuss the matter". Na ushauri, habari, vifaa na samani, ingawa kwetu vinahesabika au vina sura ya wingi, kwao haviongezwi "s": "advice", "information", "equipment", "furniture". Hapo sina sababu ya kifalsafa ya kuwapeni. Hata Waingereza, kiti wanakihesabu lakini samani hawaihesabu.

Kuhusu "he" na "she", tunachekwa sana, na wakati mwingine tunachekana wenyewe vibaya. Nimeona mwenzetu mwenye akili kuliko wengi wetu akinyamaza muhula mzima darasani kwa sababu siku ya kwanza alisema "my mother, he told me" na darasa likaangua kicheko. Maswali yake aliyatunza, akawa ananiuliza mimi usiku bwenini, na mara nyingi nilikuwa sina majibu yake. Yalipaswa kumfikia mwalimu.

Sababu ya kosa ni wazi. Kiambishi chetu "a" katika "alisema" hakiulizi mwanamume wala mwanamke. Kinauliza tu kama ni kiumbe hai. Tunapofungua kinywa hatujalazimika kuamua. Mwingereza ameshaamua kabla hajafungua. Kwa hiyo anayesema "he" kwa mama yake anajua fika kwamba mama ni mwanamke, ila ulimi umetangulia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutaja jina au cheo kwanza, kisha kupumua, ndipo kiwakilishi. "My mother", pumzika, "she". Na katika "his" na "her" fuata mwenye mali, si mali: mke wa Yosefu ni "his wife", kwa kuwa mwenye mke ni Yosefu. Waliosoma Kifaransa kidogo huchanganyikiwa hapa, kwa sababu Kifaransa hufuata kinachomilikiwa.

Niseme pia juu ya saa, maana hilo limewahi kuigharimu parokia moja Misa. Mgeni aliyealikwa kuadhimisha aliambiwa kwa simu kwamba Misa ya kwanza ni "at one". Aliyepiga simu alitafsiri "saa 1 asubuhi" kwa uaminifu kabisa. Waamini walikaa wakaimba nyimbo zote wanazozijua. Mgeni alifika mchana, saa 7, akiwa na dakika tano za akiba, akajisifu kwa kuwahi.

Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, na hapa karibu na mstari wa ikweta jua halibadiliki sana, kwa hiyo hesabu inashika mwaka mzima. Wao wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita daima: ongeza sita kwetu, upate yao. Na usiionee haya hesabu yetu. Ulimwengu wa Injili nao ulihesabu saa za mchana kuanzia asubuhi. Ndiyo maana Mswahili anaposikia Ijumaa Kuu kwamba Bwana alikata roho yapata saa tisa, anaelewa papo hapo, wala hahitaji maelezo. Msomaji wa Kiingereza akikuta "ninth hour" lazima afafanuliwe, na baadhi ya tafsiri zao zimeamua kuandika saa tatu ya kwao moja kwa moja. Katika jambo hili sisi ndio tunaosoma kwa urahisi.

Nimeacha kwa makusudi swali moja la mwisho, kwa sababu linatoka kanisani kwenyewe. Kwa nini tunasema "God bless you" na siyo "God blesses you"? Tulifundishwa kwamba mtu mmoja wa nafsi ya tatu anaongezewa "s": "he goes", "she prays". Mungu ni mmoja. "S" yake iko wapi? Na katika "Peace be with you", kwa nini "be" na siyo "is"?

Mwulize Mswahili yeyote tofauti ya "Mungu anakubariki" na "Mungu akubariki". Ya kwanza inatoa taarifa. Ya pili inaomba. Tumeitofautisha kwa kuondoa "na", na kwa vitenzi vingi vya asili yetu hata irabu ya mwisho inageuka: "anakuja", lakini "aje", "anakulinda", lakini "akulinde", "iko nanyi", lakini "iwe nanyi". Kiingereza nacho kilikuwa na umbo maalumu la kuomba na kutakia heri, nalo limebaki katika misemo michache ya zamani. Alama yake ni hiyo tu: "s" inaanguka, na "is" inakuwa "be". Basi "God blesses you" ni "anakubariki", taarifa ya kweli kabisa, na "God bless you" ni "akubariki", sala. Umbo hilo utalikuta pia nje ya kanisa, katika sentensi kama "I suggest that he come early", yaani napendekeza aje mapema. Si kosa la chapa.

Katika sala zao za zamani utakuta pia "thy" na "thou", na wengi wanadhani ni maneno ya heshima kubwa aliyowekewa Mungu peke yake. Asili yake ni kinyume. "Thou" ilikuwa "wewe", mtu mmoja, wa karibu, hata mtoto. "You" ilikuwa ya watu wengi, kisha ikawa ya wakubwa. Baadaye kila mtu akataka aitwe mkubwa, "thou" ikafa mitaani ikabaki kanisani, na kwa kubaki huko ikaonekana tukufu. Hasara waliyoipata ni kwamba "you" sasa haisemi kama ni mmoja au wengi. Sisi tunaposikia "nanyi" tunajua padre anatuzungumzia sote.

Swali hilo la "s" lilinifikia wakati wa maandalizi ya jubilei ya padre mmoja. Kamati ilitaka kitambaa kikubwa cha kutundika mbele ya kanisa, na kwa kuwa wageni wengine walitoka nje ya nchi, wakaamua kiandikwe kwa Kiingereza: "God bless our priest". Mwanakamati mmoja, aliyekuwa mwangalifu na mwenye nia njema, akaona kosa la "s", akampigia simu mchapaji usiku ili alisahihishe. Kitambaa kikaja kimeandikwa "God blesses our priest". Hela ilikuwa imeshalipwa, na hakuna aliyekuwa na ya kuchapisha kingine. Katekista akapendekeza tukikunje mahali pa "es", tukabana kwa pini nne. Kilikaa hivyo mpaka wakati wa matoleo, upepo ulipokifungua. Sasa kiko stoo ya parokia, kimefunika magunia ya mahindi.

Mungu akubariki.